Hewa, Hali ya Hewa na Hali ya Hatari: Istilahi za Madaraka ya Dharura katika Kuzuia Uchafuzi wa Hewa

Kazi nyingi zinazofika katika meza yetu ya istilahi ni ndogo. Mwalimu anataka jina la chombo cha maabara, karani anataka kujua kama cheo kipya kiandikwe kwa neno moja au mawili, nasi tunajibu kwa barua na shauri linakwisha. Lakini si zamani tuliletewa rasimu ya tangazo la kurasa mbili, kutoka ofisi moja ambayo hatuoni haja ya kuitaja, nayo ilitushughulisha kwa majuma kadhaa. Rasimu hiyo ilikusudiwa kuwaeleza wananchi kwamba pindi hewa ya mtaa ikichafuka kiasi cha kudhuru afya za watu, ofisa aliyetajwa na sheria aweza kuamuru papo hapo kwamba shughuli zinazotoa moshi zisimame. Sentensi iliyobeba uzito wa tangazo zima ilikuwa hii: "Endapo kutatokea uchafuzi wa hali ya hewa, Mamlaka itatumia nguvu za hali ya hatari."

Jioni moja tuliisoma sentensi hiyo kwa sauti barazani, hapa Amani, mahali ambapo wazee hucheza bao baada ya sala ya alasiri. Mzee mmoja aliinua kichwa akatuuliza, "Kwani wanangu, uchaguzi umekaribia?"

Swali lile lilitosha kutuonyesha kwamba tangazo limeshindwa. Mzee hakusikia habari za moshi hata kidogo. Alisikia habari za fujo, askari na watu kuzuiwa kutoka majumbani. Wala hakukosea, kwani aliifasiri sentensi kama mjuzi yeyote wa lugha hii angeifasiri. Katika makala haya tutajaribu kueleza kwa nini ilikuwa hivyo, na ni maneno gani yangefaa mahali pake. Jambo hili si la ofisi moja tu. Tangu sheria iliyotungwa na Bunge mwaka 2021 ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria za nchi, wafasiri wengi wamekuwa wakishughulika na sheria za mazingira zilizotungwa kwanza kwa Kiingereza, na humo madaraka ya namna hii yamo.

Tuanze na hewa. Hewa ni kitu, nacho ndicho tunachokivuta puani. Hali ya hewa ni namna kitu hicho kilivyo kwa wakati fulani, kama ni joto au baridi, kama kuna upepo, mvua au shwari. Kinachochafuliwa na moshi wa kiwanda ni hewa. Hali ya hewa haichafuliwi na kiwanda, ila huchafuka yenyewe, na ikichafuka mabaharia wa Malindi hufunga vyombo vyao na abiria wa Pemba hurudi majumbani. Msomaji aliyeambiwa kwamba kuna "uchafuzi wa hali ya hewa" atatazama mawingu. Tena atadhani mwenye kushughulika na jambo hilo ni Mamlaka ya Hali ya Hewa, ambayo kazi yake ni kutabiri mvua na upepo.

Kuna na maana ya tatu, nayo ndiyo iliyomfikia mzee wetu. Mtu akisema maneno ya kuudhi mbele ya watu, husemwa kwamba amechafua hali ya hewa. Siasa zikipamba moto, husemwa kwamba hali ya hewa imechafuka. Shina la neno chafu limezaa uchafu, ambao ni taka zenyewe. Uchafuzi, ambao ni tendo la kuzitia taka mahali. Na machafuko, ambayo ni ghasia za watu. Matawi matatu ya mti mmoja yanakaribiana mno, na mfasiri akitia neno moja lisilohitajika katikati, msomaji huruka kutoka tawi hadi tawi. Istilahi iliyo sahihi ni fupi kuliko ile iliyotumika: uchafuzi wa hewa. Hatuna sababu ya kuongeza kitu. Panapohitajika kutaja tabaka zima la hewa linaloizunguka dunia, lipo neno angahewa, lakini tangazo la mtaani halina haja nalo.

Hata hivyo hali ya hewa ina nafasi yake katika mada hii, na mfasiri anapaswa kuijua ili asiifute kila aionapo. Kwa kawaida hewa iliyo karibu na ardhi huwa na joto kuliko iliyo juu, kwa hiyo hupanda na kuuchukua moshi pamoja nayo. Baadhi ya nyakati mambo hugeuka, na hewa yenye joto hulala juu ya hewa baridi mithili ya mfuniko juu ya chungu. Upepo nao ukitulia, moshi hukosa pa kwenda. Twaita hali hiyo mpinduko wa halijoto, na hewa yenyewe twaiita hewa iliyotuama, kwa mfano wa maji ya dimbwi. Watu wa visiwani wanaoishi kwa kaskazi na kusi huenda wakaona mambo hayo ni ya mbali. Lakini baina ya pepo hizo mbili kuna maleleji, siku ambazo upepo haujui uendako, na anayekaa karibu na jaa linalochomwa moto au tanuri la chokaa hahitaji kufundishwa na mwanasayansi maana ya hewa iliyotuama.

London ilifundishwa jambo hilo kwa gharama kubwa. Kuanzia tarehe 5 hadi 9 Desemba 1952, moshi wa makaa ya mawe ulinaswa chini ya mfuniko wa namna hiyo. Hesabu za mwanzo zilitaja watu wapatao 4,000 waliokufa kwa sababu yake, na uchunguzi wa baadaye ulikisia kuwa walifikia 12,000. Hakuna aliyekuwa na uwezo wa kisheria wa kuwaamuru wenye viwanda wazime mioto yao usiku ule, na Sheria ya Hewa Safi ya Uingereza ilikuja baadaye, mwaka 1956. Miezi miwili tu kabla ya moshi huo, Oktoba 1952, serikali hiyo hiyo ya Uingereza ilikuwa imetangaza hali ya hatari nchini Kenya, ikawatia watu kizuizini kwa maelfu. Madaraka ya pekee yalikuwepo dhidi ya watu, wala hayakuwepo dhidi ya moshi.

Mfano ulio wazi zaidi wa madaraka tunayoyazungumza ni wa Marekani. Sheria yao ya hewa safi ya mwaka 1970 iliipa serikali kuu uwezo wa kwenda mahakamani kuomba amri ya haraka pale ambapo uchafuzi unaleta hatari kwa afya za watu, na wakuu wa jimbo na wa mahali hawajachukua hatua. Novemba 1971, katika mji wa Birmingham, jimbo la Alabama, hewa ilituama juu ya viwanda vya chuma. Usiku wa manane jaji wa mahakama ya serikali kuu alitia sahihi amri ya muda, na viwanda 23 vikasimamishwa. Hali ya hewa ilipobadilika amri iliondolewa. Ndiyo mara ya kwanza madaraka hayo kutumika. Tunawaomba wafasiri waitazame vizuri sentensi iliyotangulia hiyo ya mwisho: hapo hali ya hewa imetumika panapostahili, maana kilichobadilika ni upepo.

Katika kisa hicho hakuna mwanajeshi aliyetoka kambini, hakuna aliyekatazwa kutembea, na bunge halikuitwa. Hakimu mmoja alitia sahihi karatasi moja inayohusu vinu vya moto vilivyotajwa kwa majina. Je, hiyo ni hali ya hatari?

Katika Kiswahili cha sheria hapana. Hali ya hatari ni istilahi iliyokwisha kuchukuliwa. Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, katika ibara ya 32, imempa Rais madaraka ya kuitangaza, na tangazo hilo hupelekwa mbele ya Bunge ambalo huliunga mkono kwa theluthi mbili. Matokeo yake yaweza kugusa haki za msingi za raia. Wazee wa Unguja wanaikumbuka hali hiyo si kwa vitabu, kwani ilitangazwa hapa Juni 1961 baada ya ghasia za uchaguzi. Kwa mzee wa barazani, basi, maneno hali ya hatari yana tarehe na yana majina ya watu ndani yake. Ofisa wa mazingira hawezi kuyaazima ili azime jaa linalofuka.

Msomaji makini aweza kutupinga hapa, na alikwisha kutupinga mmoja wa wenzetu. Alisema kwamba Katiba yenyewe, katika ibara hiyo hiyo, imetaja balaa la kimazingira miongoni mwa sababu za kutangaza hali ya hatari. Ni kweli. Lakini kwetu sisi hiyo ni hoja ya kuyatenga maneno mawili haya zaidi, si ya kuyachanganya. Ikiwa uharibifu wa mazingira unaweza kufikishwa kwenye ngazi ya Rais na Bunge, lazima ngazi ya chini yake, ya ofisa na kiwanda kimoja, iwe na jina lake. Asiyekuwa na majina mawili atajikuta siku moja anamkabidhi ofisa wa wilaya madaraka ya mkuu wa nchi kwa kosa la kalamu.

Jina hilo ni dharura. Neno hili limetufikia kutoka Kiarabu, ambako maana yake ni jambo la lazima lisilo na njia nyingine. Wanaosoma sheria za Kiislamu, na Unguja wako wengi, wanajua kanuni mbili zinazofuatana: kwamba dharura huweza kuruhusu lililokatazwa, na kwamba ruhusa hiyo haizidi kadiri ya dharura yenyewe. Njaa ikiisha, ruhusa nayo huisha. Ndiyo maana twaona neno hili ni zuri kuliko jingine lolote kwa madaraka ya kuzuia moshi. Linakuja na mpaka wake ndani. Sheria ya Marekani iliporekebishwa mwaka 1990 iliweka siku 60 kuwa ukomo wa amri ambayo wakala wa mazingira hutoa bila ya kupitia mahakamani. Fikra ni ile ile iliyomo katika neno letu. Kasoro yake ni moja tu, kwamba katika mazungumzo ya kila siku limechakaa. Asiyetaka kuhudhuria mkutano husema amepata dharura. Lakini neno lililochakaa mtaani laweza kunyooshwa na sheria, mradi sheria ilieleze.

Kuhusu nguvu hatutakawia. Nguvu ni za misuli, za umeme na za dola inapopiga. Kinachotolewa na sheria ni uwezo, mamlaka au madaraka. Sisi tumechagua madaraka, kwa sababu mbili. Kwanza, ndilo neno la Katiba, na watumishi wa serikali wamelizoea tangu siku za Madaraka Mikoani ya 1972. Pili, siku hizi mamlaka limekuwa jina la vyombo: Mamlaka ya Mapato, Mamlaka ya Bandari, na kwa upande wetu Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira Zanzibar, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2015. Anayeandika kwamba "Mamlaka itakuwa na mamlaka" hakukosea sarufi, ila msomaji atachoka. Iwe basi kwamba Mamlaka itakuwa na madaraka ya dharura.

Palipotupa taabu kubwa ni kiini cha madaraka yenyewe, yaani sharti la kuyatumia. Sheria nyingi za namna hii husema kwamba ofisa hatasubiri taratibu za kawaida ikiwa kuna hatari ambayo haijatokea bado, lakini i karibu kutokea. Wafasiri wengi huandika hatari iliyo karibu. Lakini karibu kwa Kiswahili ni neno la mahali kabla ya kuwa la wakati. Hatari iliyo karibu na skuli ni shimo. Wengine wamependekeza hatari inayokaribia, na hiyo yaelekea kuwa hatari inayotembea, kama chui. Sisi tumependelea hatari iliyokabili, kwa kuwa kukabili ni kusimama uso kwa uso na jambo, na haidai kwamba madhara yamekwisha kutokea. Tunakiri kwamba bado haijazoeleka.

Sharti hili ndilo linaloamua nani atalindwa. Katika kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifanya kazi kati ya 2007 na 2014, na wakazi wakaingiwa na sumu ya risasi. (Tanbihi kwa wafasiri: andikeni sumu ya risasi au madini ya risasi. Mmoja wetu aliwahi kusoma kwamba watoto wa kijiji hicho "waliathiriwa na risasi", akadhani wamepigwa bunduki.) Julai 2020 mahakama ya Mombasa iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufani iliitengua hukumu hiyo, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Sumu ile haikuja kwa usiku mmoja kama moshi wa London. Iliingia kidogo kidogo katika damu. Je, hatari ya namna hiyo imekabili au haijakabili? Mfasiri akichagua neno lenye maana ya ghafla tu, atakuwa amewafungia mlango watu wanaokufa polepole. Kwa hiyo tunashauri neno ghafla lisitumike kabisa katika kufafanua dharura ya uchafuzi, ijapokuwa kamusi nyingi hulitaja.

Wapo watakaosema kwamba Unguja haina viwanda vya chuma, na kwamba tunashona kanzu kabla ya kupata mtoto. Tunawakumbusha mwaka 2008. Umeme wa kisiwa hiki hutoka Bara kwa waya uliopita chini ya bahari, wa kwanza ukiwa ule wa mwaka 1980 kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba. Mei na Juni 2008 Unguja nzima ilikaa gizani kwa takriban mwezi mmoja, na kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 kwa miezi ipatayo mitatu. Aliyeweza alinunua jenereta. Katika vichochoro vya Mji Mkongwe, ambavyo watu wawili hupishana kwa shida, mashine hizo zilinguruma milangoni na moshi wake ukaingia madirishani mwa jirani. Kwenye duka jenereta lilikuwa riziki, na kwa mgonjwa wa pumu aliyelala ghorofani lilikuwa adha. Tufikirie kwamba ofisa angetaka siku hizo kuamuru majenereta ya kichochoro kimoja yazimwe kwa saa fulani. Tangazo lake lingeandikwaje? Kama lingesema kwamba kuna hali ya hatari, mji uliokwisha kuwa gizani ungeingiwa na hofu isiyo na sababu. Kama lingesema wananchi "wanaombwa", hakuna ambaye angezima.

Hapo pana haja ya ngazi za maneno. Waandishi wengi hutumia tahadhari, onyo na dharura, lakini hawakubaliani kama onyo ni zito kuliko tahadhari. Mamlaka ya Hali ya Hewa imekwisha kuwazoesha wasikilizaji wa redio ngazi yake: angalizo, tahadhari, na tahadhari kubwa. Hatuoni busara kuwafundisha watu ngazi ya pili. Iwe angalizo pale vipimo vinapoanza kupanda, tahadhari pale wagonjwa, wazee na watoto wanapotakiwa wabaki ndani, na dharura pale tu amri inapoweza kutolewa. Kuhusu vipimo vyenyewe, tutofautishe kipimo, ambacho ni namba iliyosomwa. Kiwango, ambacho ni namba inayotakiwa. Na kikomo, ambacho ni namba isiyoruhusiwa kupitwa. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2021 kwamba chembe za vumbi na moshi zenye kipenyo kisichozidi mikromita 2.5 zisizidi wastani wa mikrogramu 15 katika mita moja ya ujazo wa hewa kwa saa 24. Hicho ni kiwango cha ushauri. Hakiwi kikomo mpaka sheria ya nchi iseme hivyo.

Amri nayo ina aina zake. Katazo humwambia mtu asianze, zuio humwambia asiendelee, na amri ya kurejesha mazingira, iliyomo katika sheria ya Kenya ya 1999 na ya Tanzania Bara ya 2004, humwambia asafishe alichokwisha kuharibu. Kwa madaraka ya dharura linalofaa ni zuio, likiandikwa kwa ukamilifu: zuio la dharura.

Tuliloshindwa ni jina la ule mchanganyiko wa moshi na ukungu ulioizamisha London. Ukungumoshi limependekezwa, nalo laeleweka, lakini wenzetu wawili wanaliona zito ulimini na kijana wetu mmoja anataka tuseme moshi tu. Kwa sasa tunaliacha wazi, na tutafurahi kupokea maoni ya walimu wa jiografia.

Rasimu tuliirudisha ikiwa na sentensi hii: "Pindi uchafuzi wa hewa utakapoleta hatari iliyokabili kwa afya za watu, Mamlaka itakuwa na madaraka ya kutoa zuio la dharura." Kabla ya kuirudisha tulikwenda nayo barazani. Mzee aliisikiliza mpaka mwisho, akaweka kete yake chini. Alituambia kwamba kijana wake anachoma mikate kwa tanuri la kuni, kisha akauliza kama ofisa huyo, akija na zuio lake alfajiri, atampa muda wa kuitoa mikate iliyomo. Tuliipekua rasimu kurasa zote mbili. Haikusema lolote juu ya hilo, nasi tukaandika swali lake pembeni kwa kalamu ya risasi.